Umeumia Kazini Nje ya Jimbo Lako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Fidia ya Wafanyakazi Marekani

Ukurasa huu ni wa madereva wa malori, wahudumu wa wagonjwa majumbani, manesi wa mikataba mifupi, mafundi wa ujenzi na wengine ambao riziki yao inawavusha mipaka ya majimbo ya Marekani. Wenye kampuni ndogo wana sehemu yao pia, maana mtu mwenye malori mawili na ndugu watatu walioajiriwa tayari ni mwajiri mbele ya sheria. Maelezo haya ni ya jumla. Dai lenye utata lipeleke kwa wakili mwenye leseni katika jimbo husika. Mawakili wengi wa fidia hulipwa asilimia ya kinachopatikana, kwa kiwango kinachodhibitiwa na jimbo, kwa hiyo mazungumzo ya kwanza kwa kawaida ni bure.

Kwani fidia ya wafanyakazi si sheria moja kwa nchi nzima?

Hapana. Aliyetoka Tanzania Bara amezoea Mfuko mmoja wa Fidia kwa Wafanyakazi. Marekani kila jimbo lina sheria yake, bodi yake ya kusimamia madai, fomu zake na viwango vyake. Wisconsin ilianza mwaka 1911 na Mississippi ikawa ya mwisho mwaka 1948, na tangu mwanzo hakuna aliyejaribu kwa mafanikio kuziunganisha. Serikali kuu ina sheria zake kwa makundi machache tu, kama watumishi wake yenyewe, wafanyakazi wa bandarini na wa reli.

Dereva wa lori hayumo katika makundi hayo. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa namba ya kampuni na kanuni za saa za kuendesha zinatoka serikali kuu, fidia nayo inatoka huko. Haitoki huko. Hata ukipita majimbo 48 kwa mwezi, dai lako litasikilizwa chini ya sheria ya jimbo, si ya serikali kuu.

Kinachofanana karibu kila mahali ni msingi wenyewe: huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea, na kwa kubadilishana na hilo huwezi kumshtaki mahakamani kama ungemshtaki mtu mwingine aliyekuumiza.

Nimeumia jimbo moja, naishi la pili, kampuni iko la tatu. Dai langu ni la wapi?

Huenda likawa la zaidi ya jimbo moja, na hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha bila kujua. Kuna mambo manne ambayo jimbo huyatazama kabla ya kusema "dai hili ni letu": mahali ajali ilipotokea, mahali mkataba wa ajira ulipofanyika, mahali kazi yako ilipo na makao yake makuu, na, kwa uzito mdogo zaidi, mahali unapoishi.

Tuseme dereva anaishi Louisville, Kentucky. Kampuni iko Indiana, huko ndiko anakochukua trela na kupokea maelekezo. Anaanguka kutoka kwenye trela huko Illinois akifunga mzigo. Illinois inaweza kulisikiliza dai kwa sababu ajali imetokea ndani ya mipaka yake. Indiana inaweza pia, kwa kuwa ndiko kazi iliko. Kentucky, anakolala na watoto wake, huenda isihusike kabisa, isipokuwa ionekane kwamba kazi ilikuwa na makao huko au mkataba ulifungwa huko kwa masharti ambayo sheria yake inayakubali. Watu hushangaa kusikia kwamba anwani ya nyumbani ndiyo ndoano dhaifu kuliko zote.

Mahakama Kuu ya Marekani ilishakubali katika miaka ya 1930 kwamba jimbo la ajira na jimbo la ajali yanaweza yote kuwa na haki ya kumlipa mfanyakazi yuleyule. Katika kesi ya mwaka 1935 mfanyakazi aliajiriwa San Francisco akaumia Alaska, na California ikaruhusiwa kumlipa. Mwaka 1939 ikawa kinyume: mfanyakazi wa kampuni ya Massachusetts aliumia California, na California ikaruhusiwa tena.

Lakini jimbo la ajali si lazima likupokee. Baadhi huwaachia majimbo ya nyumbani wafanyakazi waliopita kwa muda. Ohio, kwa mfano, haimpokei mkazi wa jimbo lingine aliyekuja kufanya kazi kwa muda usiozidi siku 90 akiwa na bima ya huko kwao.

"Mkataba ulifanyika wapi" unaamuliwaje? Mimi niliajiriwa kwa simu.

Kanuni ya kawaida ni kutazama tendo la mwisho lililokamilisha makubaliano. Ukipigiwa simu na kampuni ya Indiana ukiwa sebuleni kwako California, ukasema "sawa, naanza Jumatatu," mkataba unaweza kuhesabiwa umefanyika California, kwa sababu ndiko neno la kukubali lilikotamkwa.

Kampuni za malori zinalijua hilo vizuri, na jibu lao ni kwamba simu ile ilikuwa ahadi yenye masharti: upimwe dawa za kulevya, ujaribiwe barabarani, uhudhurie mafunzo ya siku kadhaa makao makuu, kisha ndipo usaini. Kwa hoja hiyo ajira huzaliwa makao makuu, hata kama wewe uliona umeshaajiriwa siku ulipokata tiketi ya basi. Mara nyingine hoja hushinda, mara nyingine hushindwa, na kinachoamua ni ushahidi mdogomdogo: barua pepe ya kukuajiri iliandikwaje, mafunzo yalilipwa au hayakulipwa, kuna aliyewahi kurudishwa nyumbani baada ya mafunzo. Kwa hiyo usifute ujumbe wa simu wa mwajiri wako. Hifadhi tiketi, risiti ya hoteli na nakala ya kila karatasi uliyosaini.

Fahamu pia kwamba mkataba peke yake hautoshi kila mahali. Illinois inatosheka kwamba mkataba ulifanyika ndani ya jimbo. Texas inataka zaidi: awe aliajiriwa au alitafutwa Texas, na juu ya hilo ama aliumia kabla ya mwaka kupita tangu aajiriwe, ama alifanya kazi ndani ya Texas siku zisizopungua 10 katika miezi 12 kabla ya ajali. Majimbo mengine yanautazama mkataba tu pale ambapo kazi haina makao katika jimbo lolote.

Dereva wa masafa marefu hana kituo. Kazi yake inahesabiwa iko wapi?

Wanatazama mwajiri ana ofisi au yadi wapi ambako wewe unafanyia kazi au unaanzia safari, na kama hakuna, unaishi wapi na unafanya sehemu kubwa ya kazi wapi. Maili huhesabiwa. Kumbukumbu za kielektroniki za lori zinaonyesha kila jimbo ulilopita na saa ulizokaa, na stakabadhi za mizigo zinaonyesha ulikopakia na kushusha. Kampuni haina wajibu wa kuzihifadhi milele: kumbukumbu za saa za kuendesha hutunzwa kwa miezi 6 kwa mujibu wa kanuni za serikali kuu. Omba nakala zako mapema, kwa maandishi.

Kampuni ilinisainisha karatasi kwamba madai yote yatakuwa ya jimbo lao. Nimefungwa?

Si lazima. Karatasi hizo ni za kawaida katika malori, na ziko katikati ya rundo la fomu unazopewa siku ya mafunzo. Baadhi ya majimbo huziheshimu kwa masharti. Mengine husema mfanyakazi hawezi kutia sahihi akaondoa haki aliyopewa na sheria. Mpelekee wakili karatasi yenyewe, usimsimulie kwa mdomo, kwa sababu tofauti iko kwenye maneno.

Kuna tofauti gani ikiwa nitalipwa na jimbo hili au lile? Si ni fidia ileile?

Hapa tukae kidogo.

Majimbo mengi hulipa theluthi mbili ya wastani wa mshahara wako wa wiki unapokuwa huwezi kufanya kazi kwa muda. Texas hulipa asilimia 70 ya kipato ulichopoteza. Iowa hulipa asilimia 80 ya kinachobaki mkononi baada ya kodi. Lakini juu ya kila hesabu kuna kikomo, na kikomo ndicho kinachouma. Dereva wa $1,500 kwa wiki angestahili $1,000 kwa hesabu ya theluthi mbili. Georgia, kwa ajali za kuanzia Julai 2023, kikomo chake ni $800 kwa wiki, basi anapata $800. Illinois kikomo cha malipo ya muda kimepita $1,800, kwa hiyo anapata $1,000 zake kamili. Ni $200 kwa wiki, na kwa mtu aliyevunjika nyonga wiki zinakuwa nyingi.

Kuna na muda wenyewe. Georgia hulipa mwisho wiki 400 kwa majeraha mengi yasiyohesabiwa kuwa ya maafa, yaani mabaya kupita kiasi. Kuna siku za mwanzo zisizolipwa: 3 Illinois, 7 Texas na Georgia, ambazo hulipwa baadaye ukikaa nje ya kazi muda mrefu wa kutosha. Na kuna suala la daktari. Iowa na Indiana mwajiri ndiye anayemchagua. Georgia mwajiri hubandika orodha ya madaktari nawe unachagua humo. Illinois mfanyakazi ana haki ya kuchagua mwenyewe, kwa mipaka. Kwa mtu mwenye jeraha la mgongo, anayemchagua daktari ana uzito kuliko hata hundi ya wiki, kwa sababu daktari huyo ndiye atakayeandika kama unaweza kurudi kazini.

Malipo ya ulemavu wa kudumu ndiyo yanayotofautiana zaidi. Goti lilelile, upasuaji uleule, jimbo moja linaweza kulipa mara kadhaa ya jirani yake.

Wastani wa mshahara nao huleta mabishano. Kampuni nyingi za malori hulipa sehemu ya senti za kila maili unayoendesha kama posho ya safari isiyokatwa kodi. Wakati wa ajali, bima huitoa posho hiyo kwenye hesabu, na dereva aliyefurahia kodi ndogo anagundua kwamba "mshahara" wake umepungua. Leta karatasi za malipo za mwaka mzima, zisiwe za mwezi wa mwisho tu.

Basi nichague jimbo lenye malipo makubwa?

Kama lina haki na dai lako, ndiyo, na hakuna ubaya wowote wa kimaadili katika hilo. Kampuni ya bima nayo huchagua: ikianza kukulipa, hulipa chini ya jimbo lililo rahisi kwake, na haina wajibu wa kukuambia kwamba kulikuwa na lingine. Kwa hiyo uliza swali hili kabla ya kusaini chochote: "Mnanilipa chini ya sheria ya jimbo gani?" Jibu liwe kwa maandishi.

Naweza kudai katika majimbo mawili kwa pamoja?

Kulipwa mara mbili, hapana. Kudai tofauti, mara nyingi inawezekana. Mwaka 1943 Mahakama Kuu ilimzuia mfanyakazi wa Louisiana aliyekwisha kupata uamuzi wa Texas asirudi kudai kwao. Mwaka 1947, katika kesi iliyohusu Illinois na Wisconsin, ililegeza kamba, na mwaka 1980 iliruhusu mtu aliyelipwa na Virginia kupata nyongeza kutoka Wilaya ya Columbia (Washington, D.C.). Matokeo yake leo ni kwamba majimbo mengi hukubali dai la pili na kukata kile ambacho tayari umepokea.

Tahadhari ni mbili. Baadhi ya majimbo yamefunga mlango kwa sheria zao: Texas husema aliyechagua kufuatilia fidia ya jimbo lingine akaipata hawezi kuidai tena Texas. Ya pili ni mapatano ya mwisho. Karatasi ya mapatano ya kufunga dai kwa mkupuo inaweza kuwa na mstari unaosema umeachilia madai yote chini ya sheria ya jimbo lolote. Hundi za wiki zilizoanza zenyewe kwa kawaida hazikufungi namna hiyo. Sahihi kwenye mapatano ndiyo inayokufunga.

Nifanye nini siku ya ajali nikiwa mbali na nyumbani?

Tibiwa kwanza, na hospitali iambie wazi kwamba umeumia kazini. Maneno yataandikwa kwenye faili lako na yatasomwa na kila mtu baadaye. Ukisema tu "mgongo unauma" bila kutaja trela, bima itasema ulikuja na mgongo wako kutoka nyumbani. Taja kila kiungo kinachouma, hata kile kinachouma kidogo, kwa maana bega lililotajwa wiki ya sita hubishaniwa kuliko lililotajwa siku ya kwanza.

Mjulishe mwajiri siku hiyohiyo kwa ujumbe wa maandishi, hata kama umekwisha kumpigia dispacha, yule anayepanga safari zako. Ujumbe uwe mfupi: tarehe, saa, mahali pamoja na jina la jimbo, ulikuwa unafanya nini, umeumia wapi mwilini, nani aliona. Piga picha ya mahali, ya ngazi, ya mafuta sakafuni, ya namba ya mlango wa ghala. Chukua majina ya mashahidi. Ghala la jimbo la mbali hutarudi kulitembelea.

Baada ya siku chache atakupigia afisa wa madai wa kampuni ya bima na kuomba kurekodi mazungumzo. Atauliza ulikubali kazi ukiwa wapi, ulisaini wapi, huwa unaegesha lori wapi. Yanasikika kama maswali ya kujuana hali, lakini ndiyo yanayoamua jimbo. Jibu ukweli, usikisie, na una haki ya kusema utazungumza baada ya kushauriana na wakili au ukiwa na mkalimani.

Nina muda gani?

Kuna saa mbili zinazokimbia kwa wakati mmoja: ya kumjulisha mwajiri na ya kufungua dai rasmi kwenye bodi ya jimbo. Kila jimbo linahesabu kivyake.

Kumjulisha: Colorado siku 10, Texas, Georgia, Indiana na California siku 30, Illinois siku 45, Iowa siku 90, Pennsylvania siku 120 (lakini ukipita siku 21 malipo huanzia siku uliyotoa taarifa).

Kufungua dai: Texas, Georgia, Ohio na California kwa kawaida mwaka 1, Indiana na Iowa miaka 2, Pennsylvania miaka 3, Illinois miaka 3 tangu ajali au miaka 2 tangu malipo ya mwisho, ile itakayochelewa zaidi. Kuna nyongeza na vighairi, hasa kwa magonjwa yanayojitokeza polepole.

Kosa linalojirudia ni hili: mtu anapokea hundi kwa utulivu chini ya jimbo moja, mwaka unapita, bima inasimamisha malipo, naye anageukia jimbo la pili na kukuta saa yake ilishasimama. Kupokea malipo katika jimbo moja hakulindi muda wako katika lingine. Na taarifa ya mwajiri kwa kampuni yake ya bima si dai lako. Fungua lako.

Nimerudi nyumbani na madaktari wa hapa hawataki bima ya jimbo lingine. Kwa nini?

Kwa sababu kila jimbo lina orodha yake ya bei za matibabu, na kliniki ya Kentucky haijui kama italipwa kwa bei ya Indiana, lini, na kupitia fomu gani. Mpe afisa wa madai kazi hiyo: akutafutie daktari karibu na unapoishi na apeleke idhini kwa maandishi kabla ya miadi. Kliniki ipewe namba ya dai, jina la kampuni ya bima na mahali pa kutuma bili. Usikubali bili ipitie Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au bima yako ya kawaida "kwa sasa tu", kwa kuwa zitataka kurudishiwa fedha na utabaki katikati. Maili za kwenda hospitali hulipwa katika majimbo mengi. Ziandike tangu safari ya kwanza.

Mimi nalipwa kwa fomu 1099, ile ya kodi ya mtu aliyejiajiri. Nina haki gani?

Fomu ya kodi haiamui peke yake. Bodi hutazama nani anapanga kazi, nani anamiliki lori, unaweza kukataa mzigo au huwezi, unaweza kufanyia kampuni nyingine au huwezi. Majimbo hutofautiana sana: California tangu 2020 imeweka kipimo kigumu kwa mwajiri, na baadhi ya mengine yana vifungu vinavyowatoa wamiliki wa malori waziwazi.

Usichanganye fidia ya wafanyakazi na ile bima ya ajali kazini ambayo kampuni hukata kwenye malipo yako kila wiki. Ile ni bima ya binafsi, yenye dari la fedha na mara nyingi ukomo wa wiki 104 za malipo, na hakuna bodi ya jimbo nyuma yake. Ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini kuipokea hakumaanishi umekubali kwamba wewe si mwajiriwa, isipokuwa umesaini hivyo.

Wanasema Texas mwajiri anaweza kukataa bima. Ni kweli?

Ni kweli, kwa waajiri binafsi. Aliyekataa hana kinga: unaweza kumshtaki kwa uzembe, na hawezi kujitetea kwa kusema nawe ulichangia. Lakini ni lazima uthibitishe uzembe, na wengi wao huwasainisha wafanyakazi kwamba mgogoro utaamuliwa na msuluhishi wa kulipwa, si na baraza la mahakama. Ukiumia Texas ukifanyia kampuni yenye bima ya jimbo lingine, tazama kwanza dai la jimbo hilo.

Mimi ndiye mwajiri. Nikituma mfanyakazi jimbo lingine, bima yangu inamfuata?

Fungua ukurasa wa taarifa wa hati yako ya bima, utafute kipengele cha 3. Sehemu ya 3.A inataja majimbo ambayo umenunulia bima. Hapo bima hulipa kwa sheria ya jimbo hilo. Sehemu ya 3.C ni ya majimbo mengine, na kwa kawaida huandikwa "majimbo yote isipokuwa" yale ya 3.A na manne maalumu. Hii 3.C ni mwavuli wa dharura: inafanya kazi ukianza shughuli katika jimbo jipya baada ya bima kuanza. Kama siku bima ilipoanza tayari ulikuwa na kazi katika jimbo hilo na hukulitaja, una siku 30 za kuijulisha kampuni ya bima, la sivyo hakuna kinga huko.

Hapo ndipo wenye kampuni ndogo hujikwaa. Ana yadi Indiana, ameajiri dereva anayeishi Georgia na kulaza lori nyumbani kwake, na hati inasema 3.A: Indiana tu. Kwa macho ya Georgia, huyo huenda ni mfanyakazi wa Georgia. Mwambie wakala wako kila jimbo ambako mfanyakazi anaishi, anaanzia kazi au anarudi mara kwa mara, na umwambie kila unapoajiri, usisubiri kuhuisha bima.

Yale manne maalumu ni Ohio, North Dakota, Washington na Wyoming. Huko bima ya fidia huuzwa na mfuko wa jimbo wenyewe, na kampuni binafsi haiwezi kukupa. Ukiwa na wafanyakazi wa kudumu huko, jisajili na mfuko. Safari fupi huangukia mikataba ya kuheshimiana baina ya majimbo, na kwa ujenzi masharti huwa makali zaidi.

New York inataka mwajiri wa nje anayefanya kazi ndani yake aitaje New York kwenye 3.A, mwavuli wa 3.C hautoshi. Florida ni hivyohivyo kwa ujenzi. Cheti cha bima unachompa mteja hakiongezi jimbo lolote. Kinaonyesha tu kilichomo. Na ile bima ya bei chee isiyo na mfanyakazi hata mmoja ndani yake, inayonunuliwa ili kupata cheti tu, haitamlipa shemeji yako akianguka kutoka juu ya paa.

Mwajiri wangu hana bima kabisa. Nimekwama?

Bado kuna milango. Majimbo kadhaa, Kentucky, Illinois, Pennsylvania na California yakiwemo, yana mifuko ya kuwalipa wafanyakazi wa waajiri wasio na bima. Katika ujenzi, mkandarasi mkuu anaweza kubebeshwa mzigo wa mkandarasi mdogo. Bodi nyingi zina ukurasa wa tovuti wa kutafuta bima ya mwajiri kwa jina na tarehe ya ajali. Anzia hapo, kwa sababu "sina bima" ya mwajiri si mara zote ni kweli.

Aliyenigonga ni dereva wa kampuni nyingine. Naweza kumshtaki?

Ndiyo, sambamba na fidia. Kampuni ya bima iliyokulipa itadai kurejeshewa sehemu kutoka kwenye unachopata, na sheria ya jimbo lililokulipa kwa kawaida ndiyo inayopanga kiasi gani. Saa ya kesi hii ni tofauti na ya fidia: ajali ya Tennessee una mwaka 1, ya Texas miaka 2.

Sina kibali cha kazi. Nikidai nitafukuzwa nchini?

Majimbo mengi huwahesabu wafanyakazi wasio na kibali kuwa na haki ya fidia. Wyoming ni kati ya machache yaliyoweka sharti la kibali. Fedha za kipindi cha kurudishwa kwenye kazi nyepesi zinaweza kuathirika. Bodi ya fidia si ofisi ya uhamiaji. Hata hivyo, kama ulitumia jina au namba ya mtu mwingine, onana na wakili kabla ya kujaza fomu yoyote. Mwenye hadhi ya ukimbizi au kadi ya kijani hana cha kuhofia hapa.

Nitapata mkalimani wa Kiswahili?

Omba kwa maandishi, mapema, na sema Kiswahili cha wapi. Mkalimani wa Mombasa na shahidi wa Bukavu wanaweza kupishana katika maneno ya mwili na maumivu, na kwenye kumbukumbu za kesi kupishana huko huonekana kama uongo. Kama lugha yako ya moyoni ni Kinyamulenge, Kibembe au Kirundi, sema hivyo. Usimtumie mtoto wako kwa daktari.

Fedha hizi zinakatwa kodi?

Malipo ya fidia ya wafanyakazi hayatozwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Lakini ukipata pia malipo ya ulemavu ya Social Security (hifadhi ya jamii ya serikali kuu), jumla ya yote mawili kwa kawaida haivuki asilimia 80 ya kipato chako cha kabla ya kuumia, na namna mapatano ya mwisho yanavyoandikwa inaweza kupunguza makato hayo. Mkumbushe wakili.

Naishi Council Bluffs, Iowa, nafanya kazi Omaha, Nebraska. Nikipata ajali njiani asubuhi?

Safari ya kawaida ya kwenda na kurudi kazini haimo, hata ikivuka mto na mpaka wa jimbo. Hali hubadilika ukiwa umetumwa, ukiwa unatoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, au ukiwa kwenye safari ya kikazi inayokulaza nje.

Mfanyakazi akifariki, familia iliyoko Afrika inalipwa?

Mara nyingi ndiyo, ila baadhi ya majimbo hupunguza malipo ya wategemezi wa kigeni wanaoishi nje ya Marekani au huyabana kwa masharti, kwa hiyo kuchagua jimbo kuna uzito kuliko mahali pengine popote. Mjane au mgane na watoto ndio wa kwanza. Wazazi huingia wakithibitisha kwamba walimtegemea marehemu, na ushahidi bora ni risiti za fedha alizowatumia.

Tatizo kubwa huwa ni hati. Ndoa ya kimila au ya msikitini isiyosajiliwa inahitaji cheti au kiapo kinachokubalika kisheria katika nchi ilikofungwa. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vioane kwa tahajia na jina lililoko kwenye pasipoti na kwenye karatasi za malipo za marehemu. Mkimbizi ambaye faili lake la uhamiaji halikutaja mke au mtoto fulani, familia hiyo itaulizwa kwa nini. Kila hati itafsiriwe na mtafsiri anayeweza kuapa, nakala halisi zibaki kwa familia, na dai lifunguliwe hata kabla ya hati zote kukamilika, kwa sababu muda huhesabiwa tangu kifo, si tangu cheti kifike kutoka Uvira.